Getini kibao cha Mbwa Mkali kipo, ila mbwa akiuma mtoto hana mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitumbua na chai huku pembezoni mwa Dar es Salaam, mtaa sitautaja maana sitaki kugombanisha watu, nachotaka ni hili suala la mbwa liwafikie madiwani na watendaji wetu, na sio wa huku kwetu tu, naamini mama yeyote anayesoma hii akiwa Mwanza au Morogoro au Tanga analijua vizuri.

Kazi yangu inaanza saa tisa usiku. Mchele unakuwa ushasagwa na unga ushaumuka, nawasha mkaa nje ya fremu, mpaka saa kumi na nusu vitumbua vya kwanza vishaiva. Kwahiyo mtaa wetu mimi nauona saa ambazo wenzangu wamelala, na nachokiona kila siku ya Mungu ni mbwa. Usiku wa manane mageti yanafunguliwa kidogo, mbwa wanatolewa, geti linafungwa, bas, barabara inakuwa ya kwao. Wanatembea makundi makundi, wanapekua mifuko ya taka, wanafukuza pikipiki, wanapigana mbele ya jiko langu mpaka nashika kijinga cha moto. Alafu ikikaribia saa kumi na mbili, kukianza kupambazuka, kila mmoja anarudi kwao. Mweupe mwenye sikio lililokatika anaingia geti la bluu. Wale wawili wa rangi ya udongo wanapita chini ya mabati kwa fundi wa magari. Jike lenye watoto linaenda kulala nyuma ya ile nyumba inayouza mkaa. Hawakosei hata siku moja.

Ndo maana kwenye mkutano wa mtaa mtu akisimama akasema mtaa wetu umejaa mbwa koko huwa namwangalia tu. Mbwa koko kabisa, asiye na pa kurudi, kwa miaka sita niliyokaa kwenye ile fremu nimewaona labda watatu, wale wa jalalani. Waliobaki wote wana kwao, wana wa kuwalisha, wana majina wanaitwa na wanaitika. Wanakuwa koko siku wakifanya kosa.

Kuna mzee wetu mmoja, alikuwa hakosi swala ya alfajiri msikitini, mvua au jua. Akapata kufukuzwa na mbwa mara mbili, mara ya pili akaanguka, kanzu ikachanika na mbwa mmoja akaing'ang'ania kwa mdomo. Kwa sisi Waislamu mate ya mbwa ni najisi, nguo au mwili ukiguswa unaosha mara saba na mojawapo iwe kwa udongo, sasa mzee wa miaka sabini na kitu arudi nyumbani saa kumi na moja alfajiri aanze kutafuta udongo na maji, swala ishampita. Siku hizi anaswali nyumbani. Sijasikia mtu akilihesabu hilo kama madhara ya mbwa kwasababu hakung'atwa, ila mimi nilizoea kusikia kikohozi chake akipita na salamu yake, na sasa hapiti.

Sasa niseme la kwangu. Mwezi wa tano, siku ya Jumatano, mwanangu wa pili ambaye yuko darasa la tatu alikuwa ananisaidia kupeleka ndoo ndogo ya vitumbua kwa mama mwenzangu anayeuza chai kituoni, ni kama nyumba saba kutoka kwangu, alafu aunganishe shule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia ina matope, akapita ukutani kwa ile nyumba ambayo getini ina kibao cha bati kimeandikwa MBWA MKALI na kimechorwa kichwa cha mbwa katoa meno. Geti lilikuwa wazi kiasi cha mtu kupitisha bega. Sikumwona mbwa alivyotoka. Nilisikia ndoo imeanguka, mfuniko wa ile ndoo naujua sauti yake, alafu nikasikia mtoto ameita mama, mara moja tu, hakuita tena. Nilivyofika mbwa alikuwa ameshamwachia, mtoto amekaa kwenye matope kashika kigimbi kwa mikono yote miwili, soksi nyeupe ya shule ishakuwa nyekundu mpaka kwenye kiatu, na mbwa yuko pembeni yake hata hatua mbili hazifiki, anakula vitumbua.

Nikamfukuza mbwa, nikagonga geti. Akatoka mwenye nyumba, mtu mzima, tunasalimiana siku zote, nikamwamkia shikamoo baba, nikamwambia mbwa wako kamng'ata mtoto, naomba kadi yake ya chanjo niende nayo hospitali. Akaniambia, mama, yule sio mbwa wangu, anakujaga tu kula makombo. Nikamwonyesha kibao. Akasema kibao ni cha kutishia wezi. Mimi nimelia pale getini, sio kwa hasira, ni ule mwili kuishiwa nguvu, maana mbwa nilikuwa namwona kila alfajiri anaingia kwenye lile geti na nikijua kabisa anaitikia jina la Simba.

Wakati tunabishana vijana wa bodaboda walishamkimbiza mbwa. Wakamuua kwa mawe na marungu, wakamtupa mtaroni, mchana mvua ikarudi tena maji yakambeba. Siwalaumu wale vijana, mtoto ni kama mdogo wao na walikuwa na uchungu, na mmoja wao ndo alitubeba mpaka hospitali hakutaka hela. Ila naomba wasomaji mlishike hili kwasababu hata mimi nilikuwa silijui, kumuua yule mbwa palepale kulitugharimu sana, nitaeleza.

Kwanza kidonda. Pale mtaani mmoja alileta mafuta ya taa, mwingine majivu, mwingine tumbaku. Nilimwosha kwa maji na sabuni ya kipande ila kwa harakaharaka. Nesi aliyetupokea, Mungu ambariki, kitu cha kwanza alichofanya ni kumpeleka mtoto bombani akaosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, mtoto anapiga kelele mimi nimemshika, akaniambia hii ndo dawa ya kwanza kabla ya sindano yoyote, virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, unavyoosha unaviondoa, na majivu na mafuta ya taa hayafanyi hiyo kazi. Alafu akaniuliza maswali matatu, mbwa ni wa nani, amechanjwa, yuko wapi sasa hivi.

Sikuwa na jibu hata moja, Mhariri. Mwenyewe kamkana, chanjo haijulikani, na mbwa yuko mtaroni.

Nesi akanielewesha kwamba mbwa aliyeng'ata mtu kama yuko hai na anafungiwa mahali, anaangaliwa siku 10. Akimaliza siku 10 ni mzima, anakula, hajabadilika, maana yake siku aliyong'ata hakuwa na ugonjwa kwenye mate. Na kama mbwa kafa basi kichwa chake kinatakiwa kupelekwa maabara, ubongo ndo unapimwa. Sisi hatukuwa na mbwa wala kichwa. Kwahiyo mtoto alitakiwa aanze dozi za chanjo hapohapo na azimalize zote, siku ya kuumwa wanaihesabu sifuri, inayofuata siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Na hakuna kusema ngoja kwanza tuone, kwasababu kichaa cha mbwa kinaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili yoyote, na dalili zikishaanza, kuogopa maji, kuweweseka, mtu haponi. Hospitali itampunguzia maumivu tu.

Pale dawa haikuwepo siku hiyo. Tukaelekezwa kwingine, kwingine wakataka kwanza fomu ya polisi, ile PF3, tukarudi polisi, saa nane mchana ndo mwanangu anachomwa sindano ya kwanza na hajala kitu tangu usiku. Kila dozi nililipa shilingi 30,000. Kitumbua kimoja nauza 200. Kwahiyo dozi moja ni vitumbua 150, na dozi tano ni vitumbua 750, hapo sijatoa mchele wala mafuta wala mkaa, na nauli ya kwenda na kurudi mara tano mtoto hawezi kutembea vizuri lazima bajaji. Dozi ya tatu nilikopa kikoba. Mama ambaye hana kikoba anafanyaje? Najua anachofanya, anaishia ya pili, anasema mtoto mbona mzima.

Siku ya tano hivi, jioni, dada wa kazi wa ile nyumba alikuja kwangu kama anakuja kununua. Binti mdogo, hata miaka ishirini sidhani. Akanipa noti ya elfu tano imekunjwa ndogo kama kidonge, akaniambia mama hii ni ya mtoto, Simba hajawahi kuchomwa sindano hata moja tangu nimekuja, mwaka wa pili huu, na usiku mimi ndo natumwa kumfungulia. Nikamuuliza unaweza kuyasema haya kwa mwenyekiti, akatikisa kichwa, akasema nitafukuzwa. Sikumlazimisha. Hela sikutaka kuipokea ila aliiacha juu ya meza akaondoka.

Nimeyaeleza yote haya ili msomaji aone tatizo liko wapi. Mtaani kila mtu ana lake, mmoja anasema mbwa wauawe, mwingine anasema watu wasiruhusiwe kufuga, mwingine anasema zipigwe marufuku zile mbegu za nje kubwakubwa. Mimi nasema shida ni kwamba mbwa hajaandikwa popote kwa jina la mtu. Angekuwa ameandikwa, yale maswali matatu ya nesi yangejibiwa kwa simu moja. Mwenyewe asingeweza kukana, chanjo ingejulikana, vijana wasingekuwa na sababu ya kuua, mbwa angefungiwa siku 10, na mtoto wangu huenda asingehitaji dozi zote zile, na kama angezihitaji ingejulikana nani analipa.

Sheria sio kwamba hatuna. Nilimuuliza bwana mifugo wa kata yetu, kijana msikivu sana, tatizo lake yuko peke yake kata nzima na pikipiki yake anaitia mafuta mwenyewe. Akaniambia kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kanuni ya Adhabu nayo inamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari juu ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Na tangu mwaka 1982 sheria za serikali za mitaa zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Yote hayo yapo kwenye karatasi. Ila sheria zote hizo zinamtafuta mwenye mbwa, na mtaani kwetu mwenye mbwa hayupo, yupo mwenye kibao.

Sasa hilo la kuua, naomba nilisemee kidogo maana ndo linaloshangiliwa sana kwenye mikutano. Miaka miwili nyuma kulitupwa nyama zenye sumu usiku, hatukuambiwa kabla. Asubuhi nilikuta mbwa wanne wamekufa barabarani mmoja bado anatetemeka, wamekufa na paka wa jirani na kuku wangu wawili waliodonoa vipande. Kile kifo sitamani mtu akione, mnyama anajinyonganyonga anatoa povu na watoto wanaenda shule wanasimama wanaangalia. Haikupita miezi miwili mbwa wakawa walewale idadi, kwasababu mageti yalikuwa yaleyale, watu walichukua watoto wengine wa mbwa. Na waliokufa wengine ndo walikuwa wamechanjwa, kwahiyo tuliua wenye kinga tukaleta wasio na kinga. Shirika la Afya Duniani limesema miaka yote kwamba kuua mbwa hakumalizi kichaa cha mbwa, kinachomaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia, ugonjwa unakosa pa kupita.

Mtu asiseme hayo ni ya Ulaya. Dada yangu kaolewa Pemba, Wete. Pemba nao walikuwa na kichaa cha mbwa, watu wanang'atwa na wengine wanakufa kama huku bara. Kuanzia mwaka 2010 zikapita kampeni za kuchanja mbwa shehia kwa shehia, ugonjwa ukapotea kisiwani mwaka 2014. Baadae chanjo zikalegea, mwaka 2016 ukaingia tena, watu wakang'atwa tena, wakarudi kuchanja kwa nguvu, na mwaka 2018 ukatoweka tena. Ni visiwani hapohapo, Waislamu watupu karibu wote, wengi hawapendi hata kumgusa mbwa, lakini waliwaleta wakachomwa. Bara nako, kule Serengeti, chanjo za mbwa zimefanyika vijijini kwa miaka mingi na zimeokoa watu na wanyama wa porini. Tunaweza kabisa.

Na tusipofanya hatuna pa kujificha. Duniani wanakadiria watu kama 59,000 wanakufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Hapa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni watu kama 1,500 kwa mwaka. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ndo yuko urefu wa mdomo wa mbwa, ndo anatumwa dukani alfajiri, na mtoto mara nyingi aking'atwa kidogo hasemi, anaogopa atapigwa kwamba alimchokoza.

Kuna ile siku ya kichaa cha mbwa duniani, tarehe 28 Septemba, wanapita kuchanja bure au kwa bei ndogo. Ni jambo zuri sana nalishukuru. Lakini huku kwetu tangazo linatoka jana yake, inaangukia siku ya kazi, kituo kiko mbali, na mbwa wa mtaani kwetu wengi hawajawahi kuvaa hata kamba shingoni, utamvuta vipi kilomita mbili na njiani kuna mbwa wengine? Mama mmoja alimfunga wake kwa kanga akafika amekwaruzwa mikono yote na foleni imeshafungwa. Chanjo ifuate mbwa waliko. Ifanyike Jumamosi na Jumapili, kiwanja cha shule ya mtaa uleule, itangazwe wiki nzima kwa spika ya msikiti na kanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, na wafundisheni vijana wa bodaboda, wao ndo wanajua mbwa wa kila nyumba.

Hapohapo kwenye chanjo ndo iandikwe daftari ya mbwa na wenyewe. Siyo zoezi lingine la pekee yake na kamati na posho. Mwaka 2022 kabla ya sensa nyumba zetu ziliwekwa namba za anwani za makazi, kile kibao kipo ukutani kwangu mpaka leo. Mbwa apewe namba ya nyumba. Anwani, jina la mwenye mbwa, simu, rangi ya mbwa, tarehe ya chanjo, imetosha, daftari moja la kaunta likae ofisi ya serikali ya mtaa na nakala kwa bwana mifugo. Mbwa avae kola yenye ile namba, hata kama ni mkanda wa begi umeandikwa kwa rangi. Na mbwa asiye na namba anayezurura ndo huyo tuseme ni koko, hapo halmashauri imchukue kwa njia isiyo ya ukatili.

Nawaomba sana madiwani hapa mnisikilize, msiweke ada ya kuandikisha. Najua halmashauri inatafuta mapato, najua rahisi ni kusema kila mwenye mbwa alipe elfu kumi na apewe kontrol namba. Mkifanya hivo siku hiyohiyo mbwa wote wa Dar watakuwa hawana wenyewe. Watu hawatawaandikisha, watawaficha au watawakana kama nilivyokaniwa mimi, na chanjo hatutaifikia. Kuandikisha kuwe bure kabisa. Hela ikatwe pale mbwa anapokutwa nje ya geti bila mtu na bila kamba, kwanza onyo la maandishi, mara ya pili faini. Na mbwa aking'ata, mwenyewe alipie dozi zote za aliyeng'atwa, leo hiihii, kabla ya kesi na kabla ya kusuluhishana, mtendaji wa kata aandike mtu asaini. Mimi nilivyoenda kulalamika niliambiwa niende nikafungue kesi ya madai. Kesi ya madai itaisha lini na dozi ya pili ni siku ya tatu?

Kuhusu mbegu kali. Uingereza walitunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1991, wakapiga marufuku mbegu nne, pit bull na wenzake, na tangu Februari 2024 hata mbwa wa mbegu ya XL Bully huwezi kuwa naye England na Wales bila cheti maalumu. Watu huku wakisikia hivo wanataka tuige. Lakini sheria ileile ina kipengele kingine ambacho mimi ndo nakitaka, kwamba mbwa wa aina yoyote ile akiwa hatari na hajadhibitiwa, mwenyewe ana kosa, na tangu 2014 hata akiwa ndani ya nyumba yake. Simba hakuwa mbegu yoyote, alikuwa mbwa wetu huyu wa kawaida, kahawia, mkia umejikunja, analishwa ugali na mifupa ya dagaa. Ukali wake haukutoka kwenye damu. Mchana kutwa alikuwa anafungwa mnyororo mfupi kwenye banda la mabati jua lote la Dar, maji nadra, watoto wakipita wanampiga mawe kupitia upenyo wa geti, alafu usiku anaachiwa. Binadamu ukimfanyia hivo miaka miwili naye atakuwa vile. Ile Sheria ya Ustawi wa Wanyama ingemlinda Simba na kumlinda mwanangu kwa wakati mmoja kama kungekuwa na mtu wa kuisimamia.

Sisemi watu wasifuge. Ninajua kwanini tunafuga. Nyumba yangu ishavunjwa, na enzi zile za panya road tulikuwa hatulali, wenye mbwa ndo walikuwa wanatuamsha. Mbwa ni ulinzi wa mtu asiye na hela ya mlinzi. Lakini ulinzi uko ndani ya geti. Mbwa anayezurura barabarani saa kumi alfajiri halindi nyumba ya mtu yeyote, mwizi akija saa hiyo mbwa yuko jalalani, anayemkuta ni mzee anayeenda kuswali, nesi anayetoka zamu ya usiku, mtoto mwenye ndoo.

Mwanangu alimaliza dozi ya tano mwezi wa sita. Kidonda kimefunga kimeacha alama nne, mbili juu mbili chini, na anatembea vizuri, namshukuru Mungu na wale manesi. Vitumbua vya kituoni napeleka mwenyewe sasa. Akienda shule anazunguka njia ya nyuma ambayo ni ndefu na inapita kwenye dimbwi, hajaniambia kwanini na mimi sijamuuliza.

Wiki iliyopita alfajiri, lile geti lilifunguliwa kidogo, akatoka mbwa mdogo, mweusi, miguu minene, hana hata miezi mitatu. Alikuja mpaka kwenye jiko langu akalala karibu na joto la mkaa. Sikumfukuza. Bwana mifugo anasema wakishatimiza miezi mitatu ndo wanachomwa ya kwanza, kwahiyo huyu ni mwezi ujao hivi. Nimeshaenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwomba anunue daftari, akasema bajeti hakuna, nikarudi nikanunua la kaunta kwa 3,500 nikampelekea. Ukurasa wa kwanza nimepiga mistari mwenyewe. Namba ya ile nyumba naijua, ila jina la mwenye mbwa sijaliandika, nataka aje aliandike kwa mkono wake.

Mama muuza vitumbua,
Dar es Salaam